Watekoi Waliojenga Ukuta Usio Wao

Mazungumzo ya redio. Somo: Nehemia 3:1–32 na 5:1–13

Popote mlipo, jikoni, shambani, au kando ya barabara mkingojea gari la kwenda Bungoma ama Kitale, karibuni tuketi pamoja kwa dakika chache.

Sura ya tatu ya kitabu cha Nehemia ni sura ambayo wengi huiruka. Ni majina matupu: fulani mwana wa fulani alijenga hapa, na baada yake fulani akajenga pale. Msomaji wa ibada akipangiwa sura hiyo Jumapili huona kwamba ameonewa. Lakini leo tuisome polepole, maana ndani yake mna jambo linalohusu kazi ambayo watu wengi wa huku kwetu wameiona kwa macho yao: wageni wanaotoka nchi za mbali, kwa nauli zao wenyewe, kuja kumjengea nyumba mtu wasiyemjua.

Ukuta wa Yerusalemu ulikuwa umebomoka. Nehemia akawagawia watu sehemu za kujenga, na wengi wao walijenga mbele ya milango yao. Hilo halishangazi, kila mtu huziba kwanza tundu lililo karibu na kitanda chake. Lakini tazameni majina mengine. Wapo watu wa Yeriko, waliopanda kutoka bondeni mwendo wa siku nzima. Wapo watu wa Gibeoni na wa Mispa. Na wapo Watekoi, watu wa mji wa nabii Amosi, yapata kilomita 16 kusini ya Yerusalemu. Ukuta ule haukuwa wao. Adui akija usiku, Watekoi wangekuwa wamelala kwao Tekoa, nje ya ukuta walioutokea jasho. Hata hivyo walijenga, na katika mstari wa 27 twawakuta tena wakishika sehemu ya pili.

Wala hawakuwa mafundi wote. Mstari wa 8 wataja mfua dhahabu na mtengenezaji wa manukato. Hebu fikirini mikono iliyozoea mafuta mazuri ikibeba mawe! Mstari wa 12 wamtaja Shalumu, akijenga pamoja na binti zake. Sura ya sita yatuambia kazi yote ilimalizika katika siku 52.

Sasa tuache Yerusalemu kidogo, tueleze jinsi desturi hii ya kujenga pamoja na wageni ilivyokuja katika siku zetu.

Baada ya Vita Kuu ya kwanza vijiji vingi vya Ufaransa karibu na Verdun vilikuwa vifusi. Mwaka 1920 Mswisi mmoja, Pierre Cérésole, alikwenda huko pamoja na kikundi kidogo cha watu wa mataifa mbalimbali, wakiwamo Wajerumani, kuwajengea wanakijiji vibanda vya kukaa. Walichukua sepetu katika nchi ile ile ambamo watu wa mataifa yao walikuwa wameuana kwa bunduki. Kutokana na mwanzo huo zikatokea kambi za kazi katika nchi nyingi. Hapa Kenya pia tangu mwanzo wa miaka ya 1960 vijana wa nchi na wageni wamekutana katika kambi za namna hiyo, wakijenga madarasa na zahanati na kulala pamoja juu ya sakafu za shule.

Lakini kazi ya nyumba inayojulikana zaidi yatoka mahali pengine. Katika jimbo la Georgia, Marekani, karibu na mji wa Americus, mchungaji wa Kibaptisti aliyeitwa Clarence Jordan alianzisha shamba la Kikristo mwaka 1942 pamoja na wenzake. Jordan alikuwa amesomea kilimo, tena alikuwa na shahada ya juu katika Kiyunani cha Agano Jipya. Hivyo angeweza kuzungumza na mkulima na mwalimu wa chuo cha theolojia siku moja bila kubadili kanzu. Katika shamba hilo weusi na weupe walifanya kazi kwa ujira ule ule na kula meza moja. Kwa ajili ya hiyo walichukiwa. Miaka ya 1950 maduka yalikataa kufanya biashara nao, na kibanda chao cha kuuzia mazao kando ya barabara kililipuliwa kwa baruti. Hawakuhama.

Hapo ndipo alipofika Millard Fuller, mwanasheria kijana aliyekuwa tajiri wa mamilioni kabla hajatimiza miaka 30. Mali zilikuwa zimejaa nyumbani mwake na ndoa ilikuwa karibu kuvunjika. Yeye na mkewe Linda walipatana, wakauza na kugawa walivyokuwa navyo, wakaenda kukaa kwa Jordan. Mwaka 1968 waliwaza pamoja jambo jepesi kulieleza: wapate mfuko wa fedha, wawajengee nyumba majirani maskini, wasiweke faida wala riba, na kila kinachorudishwa kijenge nyumba ya mwingine. Jordan alifariki mwaka 1969 bila kuiona nyumba ya kwanza imekamilika.

Mwaka 1973 Millard na Linda walikwenda Mbandaka, kando ya mto Kongo, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati huo, wakafanya kazi chini ya kanisa la huko kwa miaka mitatu. Walifyatua matofali ya saruji na kujenga nyumba katika kiwanja kilichoitwa Bokotola. Siku za Wabelgiji kiwanja hicho kiliachwa wazi makusudi, kiwatenge Wazungu na Waafrika, na jina lake, kwa lugha ya huko, lamaanisha mtu asiyejali wenzake. Nyumba ziliposimama, wenyeji walibadili jina. Mwaka 1976 pakaitwa Losanganya, mahali pa kupatanisha na kuleta watu pamoja. Mswahili akilisikia neno hilo atasikia ndani yake harufu ya “kusanya” na “changanya”. Sisi twaona ya kuwa habari hii yatosha kuwa mahubiri bila mhubiri kuongeza neno.

Mwaka huo huo wa 1976 Fuller alirudi Americus na kuanzisha chama kiitwacho Habitat for Humanity, yaani makao kwa wanadamu. Kazi hiyo ilifika Kenya mwaka 1982, na ilianzia huku kwetu magharibi. Watu wengine hudhani mambo kama haya huanza Nairobi na kutufikia yamechakaa. Hili halikuwa hivyo.

Jambo moja lafaa lieleweke vizuri, maana husemwa vibaya sokoni. Nyumba hizi, kwa kawaida, si sadaka. Jamaa hupewa mkopo, nao hurudisha kidogo kidogo. Isitoshe, hutoa kazi ya mikono yao: huchimba msingi, huteka maji, hubeba mchanga, na baada ya nyumba yao huenda kusaidia ya jirani. Mahali pengine, kwa yatima na wajane wasio na kipato kabisa, nyumba hutolewa bure. Lakini hiyo si kanuni. Na mkopo hautozwi riba ya kumtajirisha mtu, kufuata ile amri ya Kutoka 22:25 juu ya kumkopesha maskini.

Hapa ndipo sura ya tano ya Nehemia inapoingia. Kumbukeni, ukuta haujaisha. Watu wako juu ya kazi, na ghafla kilio kinasikika kutoka kwa wajenzi wenyewe na wake zao. Wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka, na wanaowakamua ni ndugu zao Wayahudi. Nehemia alikasirika sana, akasimamisha mkutano na kuwataka warudishe. Hakuona maana ya kuujengea mji ukuta wa mawe huku ndani yake mtu anamnyang'anya jirani yake nyumba kwa deni. Mzazi wa Myanga aliyeweka shamba rehani kwa ajili ya karo, au aliyeuza mahindi yakiwa bado machanga shambani ili apate fedha ya hospitali, hahitaji kufafanuliwa sura hiyo.

Mkopo usio na riba nao una shida zake. Bei ya saruji na mabati hupanda, na fedha inayorudi baada ya miaka kumi hainunui mifuko ile ile. Kwa hiyo katika nchi nyingi imebidi malipo yafuate bei ya vifaa. Tena wapo waliokataa kulipa wakisema hizi ni pesa za Wazungu, Wazungu hawana haraka. Mtu wa namna hiyo hamdhulumu Mzungu. Amdhulumu jirani aliyekuwa wa pili katika orodha, ambaye bado analala chini ya nyasi zinazovuja.

Basi wageni wanapokuja hufanya nini? Kundi hukaa wiki moja au mbili. Kila mmoja amejilipia nauli, chakula na malazi, na ametoa fungu la gharama za ujenzi. Wanaweza kuwa mwalimu mstaafu, karani wa benki, binti wa chuo kikuu, mchungaji. Wengi hawajuani wao kwa wao mpaka wakutane uwanja wa ndege. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa huliomba jembe siku ile ile ya kwanza, na akina mama wa boma husikia aibu kidogo wakidhani ukarimu umepungua.

Fundi wa hapa ndiye mkuu wa kazi. Hilo ni jambo kubwa na lazima lishikwe. Huko kwao mgeni huyu labda ana ofisi na watu wa kumletea chai, lakini hapa anaambiwa, “Lete karai,” naye analeta. Udongo mwekundu huchekechwa, huchanganywa na saruji kidogo, hushindiliwa katika mashine ya mkono, kisha matofali hufunikwa na kunyunyiziwa maji kwa siku kadhaa yakomae bila kuchomwa. Kwa njia hiyo miti yetu nayo hupona. Mgeni hufundishwa kuyapanga kwa kamba na timazi. Timazi haina heshima kwa mtu. Tofali likikaa upande, fundi hulitoa, hata kama limewekwa na profesa. Mahali ambapo fundi aliona haya kulitoa, akangoja jioni wageni waondoke ndipo aubomoe ukuta na kuujenga upya, kazi haikuwa kazi, ilikuwa mchezo wa kuigiza. Ni afadhali kusema ukweli mchana.

Na kwa nini nyumba, wala si kitu kingine? Wenye nyumba nzuri hawaioni faida yake. Tuchukue sakafu tu. Viroboto wa funza hukua katika vumbi la sakafu ya udongo, na sisi tunaozaliwa magharibi twajua mtoto mwenye funza hukaa wapi darasani: hukaa nyuma, miguu ameificha chini ya benchi. Hatuwadharau mama zetu, ambao kwa samadi na udongo laini waliweza kuifanya sakafu ing'ae kama sahani. Lakini mama mzee asiyeweza tena kuinama kuikandika sakafu kila wiki, akiwa na wajukuu watano wa kulea, kwake saruji ni dawa. Mlango wenye kufuli nao ni kitu. Mjane anayelala nyuma ya mlango wa gunia halali, hukesha.

Sasa twafikia swali ambalo wasikilizaji wengi wamekuwa wakilingoja. Nauli ya ndege ya mtu mmoja kutoka Marekani ingenunua mabati mangapi? Kwa nini wasitume fedha tu, na mafundi wetu wapate kazi?

Swali hili ni la haki, na wenye vyama hivi wenyewe huulizana. Hatutalijibu kwa kusema kwamba wageni hujenga haraka, maana hawajengi haraka. Fundi mmoja wa Chwele na kibarua wake huwashinda watu sita wa kundi kabla ya saa nne asubuhi. Ikiwa lengo ni matofali tu, fedha itumwe. Lakini fedha haiwezi kuketi chini ya mwembe na kula ugali na mboga kwa mkono. Fedha haimwambii mama wa nyumba kwamba mtu amevuka bahari kwa ajili yake. Na mgeni akirudi kwao, maskini si picha tena kwake. Ana jina, ana mzaha wake, na anajua kuchanganya saruji kumshinda. Rais mstaafu wa Marekani, Jimmy Carter, ambaye kijiji chake hakiko mbali na Americus, alikwenda New York mwaka 1984 kukarabati jengo lililoharibika, akiwa na nyundo mkononi. Tangu hapo aliendelea na mkewe Rosalynn kwa zaidi ya miaka 30, Durban wakiwamo mwaka 2002, na nyumba zilizojengwa au kutengenezwa pamoja nao zilipita 4,000 katika nchi 14. Carter alifariki Desemba 2024 akiwa na miaka 100. Angeweza kuandika hundi. Aliona hundi haitoshi.

Hata hivyo tuseme wazi: yapo makundi ambayo heri yangebaki kwao. Aliyekuja kupiga picha za watoto wenye makamasi, aziweke mbele ya rafiki zake kama mwindaji anavyoonyesha pembe, hakuja kujenga. Mwenye nyumba aombwe ruhusa kabla ya picha, na akisema hapana, iwe hapana. Na anayewagawia watoto peremende barabarani anawafundisha kuomba. Mzazi yeyote wa Myanga atawaambia hivyo, lakini kwa adabu zetu hatumwambii mgeni usoni. Inafaa tumwambie.

Kuna kazi moja katika ujenzi huu ambayo mgeni hawezi kuigusa hata akikaa mwaka mzima, nayo ni ya shamba. Nyumba yajengwa juu ya ardhi, na ardhi ya mjane ni ya nani? Twajua yanavyokwenda. Mume amefariki, mama amebaki na watoto, hati ya shamba ingali katika jina la babu. Shemeji walikuwa kimya nyumba ilipokuwa ya nyasi. Sasa kuta za matofali zimesimama na mabati yanameta, na ghafla wazee wanaanza kuulizana mama huyu ni wa kwetu au ni wa kurudi kwao. Imetokea mjane kujengewa nyumba akafukuzwa ndani yake. Sheria ya Urithi ya Kenya, inayotumika tangu mwaka 1981, yampa mjane haki ya kukaa na kutumia mali ya marehemu mumewe kwa maisha yake, na Katiba ya mwaka 2010 imeikaza haki ya mwanamke. Lakini sheria iko Bungoma mahakamani, na shemeji yuko hatua ishirini kutoka mlangoni.

Ndiyo sababu twasema msingi wa kwanza uchimbwe kabla ya msingi wa mawe. Mchungaji, wazee wa kanisa, wazee wa ukoo na chifu waketi pamoja na jamaa. Mipaka ionyeshwe mbele ya watoto wakubwa wa pande zote. Maneno yaandikwe, yatiwe sahihi na mashahidi, na ikiwezekana urithi ufuatwe mahakamani mpaka jina libadilike. Kazi hiyo haina picha nzuri ya kupelekwa ng'ambo. Ina chai baridi na maneno makali na kuahirishwa mara tatu. Lakini bila hiyo twamjengea shemeji.

Tena tuwatazame wakuu wa Tekoa. Mstari wa 5 wawaacha katika Maandiko milele kama watu waliokataa kuinamisha shingo, wakati watu wao wa kawaida walipokuwa wakijenga. Hatujui sababu zao. Labda walisema ukuta ni wa Yerusalemu, wenyewe wajenge. Labda walikuwa na mkutano.

Babu zetu hawakungoja chama. Nyumba ya Mbukusu ilijengwa na majirani: wengine wakikata miti na fito, wengine wakileta nyasi, akina mama wakikanyaga udongo, na mwenye boma akitayarisha chakula na cha kunywa. Neno letu la umoja, bulala, halikuwa neno la hotuba. Lilikuwa na udongo miguuni. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa mwaka 2007, na zile za Mlima Elgon za miaka ile ile, wako watu wa Bungoma na Kitale walioongeza vitanda katika vyumba vyao kwa ajili ya wakimbizi wasiokuwa wa kabila lao. Hao pia ni Watekoi, wala hawakupanda ndege.

Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulisimamisha safari za wageni hawa duniani kote. Swali likabaki mikononi mwa kila ushirika: paa la mjane linalovuja lingoje viwanja vya ndege vifunguliwe? Kuna jambo dogo ambalo ushirika wowote waweza kulifanya kabla ya mvua za Machi. Umoja wa Akina Mama wazijua nyumba zinazovuja, hawahitaji kuandikiwa ripoti. Watoe jina moja. Wazee waende kwanza kwa ukoo juu ya shamba. Fundi wa ushirika apime na kuandika vifaa, na alipwe ujira wake, maana naye ana watoto. Kisha Jumamosi mbili vijana wabebe maji na mchanga. Na tungependa iwe hivi: ushirika wa mjini uende kujenga kijijini, ushirika wa Kitale uje Myanga, na wa Myanga upande siku moja kwenda Kitale, kwa nauli zao na chakula chao, wamjengee mtu wasiyemjua jina.

Tuombe.

Bwana Yesu, uliyejulikana Nazareti kuwa seremala, wabariki wale watakaoshika mwiko wiki hii kwa ajili ya nyumba isiyo yao. Wape mafundi wetu ujira wao kwa wakati. Ulainishe mioyo ya mashemeji. Mkumbuke mama anayesikiliza sasa hivi huku akihamisha kitanda kutoka chini ya tundu la paa, na utuonyeshe boma lake. Amina.